Wing Chun, Ustadi wa Njia Fupi

Kusini ya nchi ya China, katika jimbo la Guangdong, uko mji uitwao Foshan. Mji huo una sifa kwa ustadi wa kupigana kwa mikono mitupu uitwao Wing Chun. Yasimuliwa kwamba Wing Chun lilikuwa jina la msichana. Mtu mmoja mwenye nguvu na jeuri alitaka kumwoa kwa lazima. Mtawa mmoja, jina lake Ng Mui, akamhurumia akamfundisha, na msichana akapigana na mtu yule akamshinda. Hii ni hadithi tu, wala hatuna maandiko ya waliyoyaona mambo hayo. Lakini ukiutazama ustadi wenyewe utaona kwa nini wazee walipenda kuisimulia, maana wamfaa mtu asiyeweza kushindana kwa nguvu.

Je, mnyonge afanyeje? Kwanza hushika njia fupi. Fikiri mstari ushukao toka paji la uso hata kitovuni. Hapo ndipo penye pua, koo na kifua. Mpiganaji huulinda mstari wake, na ngumi yake huipeleka moja kwa moja, kidole gumba kikiwa juu, kiwiko kikikaa karibu na mbavu. Hazungushi mkono kama mtu arushaye jiwe, kwa kuwa mkono uzungukao huchelewa. Ngumi moja ikirudi, nyingine imekwisha toka. Mateke yake ni ya chini, gotini au kwenye muundi. Maana ainuaye mguu juu sana ni rahisi kuangushwa.

La pili ndilo gumu zaidi, nalo huitwa chi sao, yaani mikono igandanayo. Wawili husimama wakigusana mikono, wakiizungusha taratibu. Mmoja akisukuma kwa nguvu, mwenziwe hashindani naye, bali huziacha nguvu zile zipite kando. Mkono wa mmoja ukiondoka, wa mwenziwe huingia mara moja palipoachwa wazi. Wengine hufungwa kitambaa machoni, wapate kujua kwa kugusa tu. Ni kazi ya miaka.

Asiye na mwenzi hujizoeza kwa gogo lenye mikono mitatu na mguu mmoja. Zamani gogo hilo lilisimikwa ardhini. Lakini Mwalimu Ip Man, mzaliwa wa Foshan wa mwaka 1893, alipoanza kufundisha Hong Kong mwaka 1950, watu waliishi ghorofani, wala hapakuwa na ua wa kuchimba shimo. Basi gogo likatundikwa ukutani kwa mbao mbili, nazo hunepa kidogo kila lipigwapo.