Mkono wa mtoto si mkono wa baba yake



Ajali ya jiwe lenye kuanguka inakuja mara moja na kila mtu anaiona. Lakini kuna ajali nyingine yenye kuja polepole, juu ya kurudilia tendo moja bila kupumzika. Hiyo inamfikia hata mtoto anayecheza. Tutazame habari za Marekani.

Kule watoto wengi wanacheza besiboli. Mmoja wao, mrushaji, anatupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu zote, na mwenzake wa timu ya pili anajaribu kuupiga kwa fimbo. Wengine wanasimama wakingojea. Yeye anatupa tu. Akiwa na mkono mzuri, kocha anamtaka Jumamosi na timu ingine inamtaka Jumapili.

Sasa, mfupa wa mtoto bado unakua. Upande wa ndani wa kiwiko kuna sehemu laini ambapo mfupa unaongezeka, na mishipa minene ya mkono imeshikamana papo hapo. Kwa mtu mzima sehemu hiyo imekwisha kuwa ngumu. Kwa mtoto ndiyo penye udhaifu, na kila mrusho unavuta pale. Mwisho panavimba, hata kipande cha mfupa kinaweza kuachana na mahali pake. Waganga wa Marekani waliupa ugonjwa huu jina mwaka 1960.

Walikawia kuweka sheria. Ni mwaka 2007 tu Little League, chama kikubwa cha besiboli ya watoto, kilipoanza kuhesabu mirusho yenyewe. Mtoto wa miaka 9 ama 10 mpaka wake ni 75 kwa siku. Wa miaka 11 ama 12, ni 85. Akifikisha 66, anapumzika siku nne. Mtu mmoja anakaa pembeni na kalamu akihesabu, sawa na vile taa zinavyohesabiwa mwisho wa zamu.

Lakini kalamu haioni uchovu. Mwaka 2006 waganga wa kule waliwalinganisha vijana 95 waliopasuliwa bega ama kiwiko na wengine 45 wasioumia. Tofauti iliyopita zote ilikuwa hii: wale waliopasuliwa walizoea kutupa mkono ukiwa umekwisha kuchoka.

Hapa mimi nawalaumu wazazi kuliko watoto. Baba anapiga kelele uwanjani, «Kaza!», na mtoto anaficha maumivu ili asimwaibishe.

Basi, mzazi wa mrushaji atazame macho na mkono, asitazame hesabu ya mabao tu. Kiwiko kikianza kushuka, mipira ikipita juu, mtoto akijisugua upande wa ndani ama akishindwa kunyoosha mkono, atolewe mchezoni siku ile ile na munganga amwone. Asipewe kidonge cha maumivu ili amalize mchezo.