Ua la Njano, Jibu Liko Kwenye Kikonyo

Mtu akikuletea picha ya ua la njano kutoka mbuga za nyasi za Marekani, mwombe na ya jani. Nasema hivi kwa sababu ya Chamaecrista fasciculata, mmea ambao jina lake la kienyeji huko maana yake ni njegere ya kwale. Huota penye mchanga, kando ya barabara na palipochimbuliwa, kuanzia Minnesota hadi Texas, na wakati wa kiangazi huchanua kwa wiki nyingi.

Ni wa jamii ya kunde, ila ukilitafuta ua la kunde hulioni. La kunde lina petali moja iliyosimama kama bendera na mbili za ubavuni. Hili limefunguka wazi: petali tano zisizolingana, upana wa sentimita tatu hivi, na wekundu kidogo kwenye shina la petali. Limeshabihi ua la mjohoro, na si ajabu, maana zamani mimea hii yote miwili ilikuwa chini ya jina Cassia.

Sasa jani. Limepangika kama unyoya, vijani vyembamba jozi kumi au zaidi. Usiku hujikunja, ukivigusa hunywea pia, lakini kwa uvivu ambao aliyezoea kifauongo ataucheka. Kwenye kikonyo, chini ya jozi ya kwanza, pana kijisahani kisichozidi kichwa cha pini. Utamu wote uko hapo. Ua halina nekta hata tone. Nyuki wakubwa wenye manyoya hufuata chavua tu, hulikumbatia na kuvuma mpaka chavua imwagike. Sisimizi hawana habari na ua. Hupanda kikonyo, hunywa, na wakimkuta kiwavi humfukuza.

Ua lisilofika sentimita moja, lenye stameni 5 badala ya 10, ni la mdogo wake, Chamaecrista nictitans. Vijani vipana, na mmea umekaribia urefu wa mtu? Huenda ni Senna marilandica. Vijani vitatu tu na ua la kunde hasa: hiyo ni Baptisia, achana nayo.

Ganda likikauka hupasuka, kila upande ukajisokota kama kamba na kurusha mbegu. Baridi ikiingia, kwale huja kuziokota chini ya mabua.