Miaka Ishirini ya Mbunge wa Kibera

Siku ya Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025, habari ilifika Nairobi ya kuwa Bwana Raila Amolo Odinga amefariki dunia huko Kerala, katika nchi ya India, akiwa na umri wa miaka 80. Haikupita saa nyingi, na njia za Kibera zikajaa watu. Mafundi waliacha kazi zao, wanawake waliacha vibanda vyao vya mboga, na vijana walikata matawi ya miti wakayashika mikononi kama ilivyo desturi ya kuomboleza. Walimlilia kwa jina moja tu: “Baba”.

Msomaji aliye mbali na mji aweza kushangaa. Marehemu hakuzaliwa Kibera, wala hakuwa na nyumba yake huko. Alizaliwa Maseno tarehe 7 Januari 1945, akazikwa nyumbani kwa baba yake, Bondo, tarehe 19 Oktoba 2025. Hata hivyo kwa muda wa miaka 20, tangu uchaguzi wa Desemba 1992 mpaka mwaka 2013, yeye ndiye aliyesema katika Bunge kwa niaba ya watu wa Kibera. Mengi yameandikwa juu ya safari yake ya kuutafuta urais. Makala haya yataka kuuliza jambo dogo zaidi, ambalo huenda likamfaa kila mpiga kura popote alipo: je, katika miaka hiyo 20 watu wa Kibera walimpa nini mbunge wao, na mbunge wao aliwapa nini?

KIBERA NA KAWANGWARE

Kwanza inatupasa kuifahamu nchi yenyewe. Kibera iko kusini ya Barabara ya Ngong, si mbali na katikati ya mji wa Nairobi. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwa maana mwanzoni mwa karne iliyopita Serikali ya Kiingereza iliwaweka hapo askari Wanubi waliokuwa wamelitumikia jeshi lake. Waliruhusiwa kukaa, lakini hawakupewa hati ya ardhi. Baadaye wakaja watu wa makabila mengine kutafuta kazi, na vijiji vikaongezeka: Makina, Lindi, Laini Saba, Gatwekera, Kianda, Soweto na vinginevyo. Mtu aliyetaka kujenga vyumba vya kupangisha aliomba ruhusa kwa chifu, akasimamisha kuta za udongo na kuezeka mabati, akaanza kupokea kodi. Ardhi ilibaki kuwa ya Serikali. Basi mwenye nyumba hakuwa na hati, na mpangaji hakuwa na mkataba.

Kaskazini ya barabara hiyo hiyo iko Kawangware. Huko nako watu wamesongamana katika vyumba vya mabati, lakini sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu wenye hati zao. Tofauti hii ni kubwa. Katika Kawangware mwenye shamba aweza kuamua mwenyewe kujenga nyumba ya mawe. Katika Kibera hakuna awezaye kuamua ila Serikali, na kwa hiyo watu wa Kibera walihitaji mbunge kuliko majirani zao.

Mitaa hii miwili ilipata wabunge wa nyumba kubwa mbili. Kibera, iliyokuwa ndani ya Jimbo la Lang'ata, ilimchagua mwana wa Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya. Kawangware, iliyo Dagoretti, ilimchagua mwaka 1997 Bibi Beth Mugo, mtoto wa ndugu yake Mzee Jomo Kenyatta, naye akakaa katika kiti hicho mpaka mwaka 2013. Hivyo urafiki na ugomvi wa wazee wale wawili uliendelea kuishi katika watoto wao, na barabara moja ndiyo iliyokuwa mpaka.

KUTOKA KIZUIZINI HADI BUNGENI

Bwana Raila alisomea uhandisi katika Ujerumani ya Mashariki, akarudi Kenya mwaka 1970. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaanzisha kiwanda, kisha akawa afisa katika Shirika la Viwango la Kenya. Baada ya jaribio la kuipindua Serikali tarehe 1 Agosti 1982 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini. Mashtaka yaliondolewa, lakini hakuachwa huru. Aliwekwa kizuizini bila hukumu mpaka Februari 1988. Mama yake alifariki mwaka 1984, naye hakuambiwa mpaka ilipopita miezi miwili. Alikamatwa tena mwaka 1988, na mara nyingine mwaka 1990. Mwishoni mwa mwaka 1991 alikimbilia Norway.

Aliporudi mwaka 1992, vyama vingi vilikuwa vimekwisha kuruhusiwa. Akasimama Lang'ata kwa chama cha Ford-Kenya, akakipata kiti kilichokuwa cha Bwana Philip Leakey. Jimbo hilo lilikuwa la ajabu, kwa maana lilikusanya pamoja majumba ya Karen yenye bustani pana na vyumba vya Kibera vyenye upana wa futi kumi. Lakini wingi wa kura ulikuwa Kibera, na uwanja wa Kamukunji ulioko huko ukawa baraza lake.

Uaminifu wa watu wale ulipimwa mapema. Baada ya Jaramogi kufariki Januari 1994, Bwana Raila alishindana na Bwana Michael Kijana Wamalwa juu ya uongozi wa chama, akashindwa. Akajiunga na chama cha NDP, chenye alama ya trekta, yaani tinga. Ndiyo sababu wengi walimwita “Tinga”. Sheria ilimtaka aache kiti chake. Machi 1997 alirudi kwa wapiga kura wale wale akiwa na chama kingine, nao wakamrudisha Bungeni. Mwisho wa mwaka huo aligombea urais akawa wa tatu, lakini Lang'ata hawakumwacha.

NENO LA MKUBWA

Mwaka 2001 Bwana Raila alipatana na Rais Daniel arap Moi, na mwezi wa Juni akafanywa Waziri wa Nishati. Mwishoni mwa Oktoba Rais Moi alifika Kibera, na mbunge alikuwapo. Ikasemwa hadharani kwamba kodi za vyumba zilikuwa kubwa mno na zapaswa kupunguzwa. Maneno hayo yalikuwa matamu masikioni mwa wapangaji, ambao wengi walikuwa Wajaluo na Waluhya. Kwa wenye nyumba, ambao wengi walikuwa Wanubi na Wakikuyu, yalikuwa sumu. Hapakuwa na sheria iliyotungwa, wala afisa aliyepewa kazi ya kupima kodi ya haki. Wapangaji wakakataa kulipa, wenye nyumba wakataka kuwafukuza, na kabla ya mwaka kwisha watu walikuwa wakipigana. Wengine walipoteza maisha yao.

Hapa pana funzo la kwanza. Neno la mkubwa si kama neno la mtu mwingine. Likitolewa bila taratibu za kulitimiza, mdogo ndiye anayelilipia.

KIJIJI CHA RAILA

Mwaka 2002 Bwana Raila aliachana na Rais Moi, akatamka katika uwanja wa Uhuru Park kwamba Bwana Mwai Kibaki anatosha kuwa Rais. Muungano wa NARC ulishinda, naye akawa Waziri wa Barabara, Ujenzi na Nyumba. Watu wa Kibera walifurahi, wakidhani kwamba sasa ufunguo wa ghala umo mikononi mwa mtu wao.

Katika Kibera kipo kijiji ambacho wenyeji walikiita Raila kwa kumheshimu mbunge wao. Kijiji hicho kilikuwa katika njia ya barabara iliyokusudiwa kujengwa. Februari 2004 matingatinga yalifika, yakazibomoa nyumba mamia. Wizara iliyohusika ni ile ile ya Bwana Raila. Makelele yalikuwa makubwa, na Serikali ikasimamisha ubomoaji mwingine uliokuwa umetangazwa.

Twapaswa kusema kwa haki kwamba barabara ni za watu wote, na waziri ni mtumishi wa nchi nzima, si wa kijiji kimoja. Lakini mwanamke aliyeokota mabati yake siku ile hakuwa na mahali pa kwenda, na mtu ambaye angemwendea kushtaki ndiye aliyekuwa waziri mwenyewe. Mtu mmoja akivaa kofia mbili, lazima moja iwe juu ya nyingine.

MOTO WA JANUARI 2008

Katika uchaguzi wa Desemba 2007 sheria ya siku zile ilisema kwamba mtu hawezi kuwa Rais asipochaguliwa pia kuwa mbunge. Kwa hiyo watu wa Lang'ata walikuwa wameshika mlango wa Ikulu. Bwana Stanley Livondo alijitokeza kumpinga Bwana Raila, naye akashindwa. Kibera walitimiza sehemu yao.

Lakini Bwana Kibaki alipotangazwa kuwa mshindi wa urais, na upande wa Bwana Raila ukakataa matokeo, nchi iliwaka moto. Katika Kibera soko la Toi lilichomwa, na reli iendayo Uganda iling'olewa. Katika Kawangware majirani waliokuwa wakichota maji katika bomba moja walifukuzana kwa mapanga. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa katika Kenya nzima kuwa watu 1,133. Bwana Kofi Annan alikuja kupatanisha, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008.

Mwezi wa Aprili Bwana Raila aliapishwa kuwa Waziri Mkuu. Katika baraza lile lile la mawaziri alikuwamo Bibi Beth Mugo, Waziri wa Afya ya Jamii. Basi mbunge wa Kibera na mbunge wa Kawangware waliketi katika meza moja, na jambo hilo lilikuwa jema. Lakini kule mitaani, aliyechomewa kibanda chake alianza upya kwa mikono yake mwenyewe.

NYUMBA ZA SOWETO

Mpango wa Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi wa kutengeneza upya Kibera ulizinduliwa mwaka 2004. Septemba 2009 Waziri Mkuu alisimama akitazama familia za kwanza za Soweto Mashariki zikipakia vyombo vyao katika malori, kwenda kukaa katika nyumba za ghorofa za muda wakati mahali pao pakijengwa. Siku hiyo pengine ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote katika ubunge wake.

Lakini kesi mahakamani zilichelewesha kazi. Nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016, na wakati huo yeye hakuwa mbunge tena, wala hakuwa Serikalini. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Kibera ilikuwa na watu wapatao 170,000. Msomaji na agawanye mwenyewe. Nao Wanubi walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017, kwa mkono wa Rais Uhuru Kenyatta, mpinzani wa Bwana Raila.

Mwaka 2013 Kibera ilitengwa na Lang'ata, ikawa Jimbo la Kibra. Mbunge wake wa kwanza alikuwa marehemu Ken Okoth, mzaliwa wa Kibera yenyewe, ambaye alifariki mwaka 2019. Hata kwake, jina la Baba ndilo lililofungua milango.

HESABU YA MWISHO

Je, tuseme kwamba watu wa Kibera walidanganyika? Hapana. Mtu aliyetiwa kizuizini miaka mingi kwa ajili ya uhuru wa kusema na kuchagua aliwapa kitu ambacho hakipimwi kwa mabati. Kabla yake, mtu wa Kibera alihesabiwa kuwa mgeni katika mji. Baada yake, hakuna aliyetaka kuitawala Kenya bila kufika Kamukunji. Hiyo ni heshima, na maskini huijua thamani ya heshima kuliko tajiri.

Lakini heshima haizuii mvua. Watu wa Kibera walimpa mbunge wao kura zao katika kila uchaguzi, na mara nyingine walimpa hata damu yao, wala hawakumwuliza sana juu ya hati, mifereji na kodi, kwa kuwa walitumaini kwamba siku atakapoingia Ikulu mambo hayo yote yatatengenezwa kwa mara moja. Aliugombea urais mara tano, wala siku hiyo haikufika.

Ahadi ni deni, lakini deni lisilodaiwa husahauliwa. Kuna haja gani ya kumlaumu marehemu? Heri sisi tulio hai, wakulima na makarani, wa Kibera na wa Kawangware na wa kila wilaya, tujifunze kumpenda mbunge wetu na papo hapo kumwuliza. Anayekuja kuomba kura aulizwe: katika miaka hii mitano, kabla hujawa mkubwa kuliko ulivyo leo, utafanya nini hapa petu, na tutakutafuta wapi tukuulize?