Vita Vilivyodariziwa

Mimi ni mshona kofia. Kazi nilifundishwa na bibi yangu Unguja, na sasa naishi Reading, magharibi ya London. Katika makumbusho ya mji huu ipo nguo ndefu sana iliyodariziwa. Wageni wengi hupita wakisoma maelezo ya ukutani. Mimi husogeza uso karibu na kioo, nikafuata mishono.

Nguo hiyo ni nakala. Yenyewe hasa ni ya mji wa Bayeux, Ufaransa: kitani chenye urefu wa karibu mita 70 na kimo cha nusu mita tu, kilichodariziwa kwa uzi wa sufu yapata miaka ya 1070. Inasimulia jinsi William, mtawala wa Normandy, alivyovuka bahari mwaka 1066, Mfalme Harold akauawa, na Uingereza ikapata bwana mpya. Wanahistoria wengi wanaamini aliyeiagiza ni Askofu Odo, ndugu yake William kwa mama, na kwamba ilishonwa Uingereza kwenyewe, labda Canterbury. Kama ni hivyo, basi walioshindwa ndio walioshonea washindi sifa zao.

Mistari ya maumbo na maneno ya Kilatini yaliyoandikwa juu ya picha imeshonwa kwa mshono mwembamba unaojisokota kama kamba. Kujaza rangi ni kazi nyingine. Nyuzi hulazwa sambamba mpaka zifunike eneo lote, nyingine zikakingamishwa juu yake, kisha hizo zikabanwa kwa vishono vidogo. Kwa njia hiyo sufu karibu yote hubaki upande wa mbele, wala haipotei nyuma ya kitambaa. Aliyepanga kazi hii alijua bei ya uzi! Nyuso na mikono haikujazwa. Ni kitani kitupu kilichozungushiwa mstari. Farasi nao miguu yao ya upande wa pili imepewa rangi tofauti na ya upande wetu, ndipo macho yakajua upi uko karibu na upi uko mbali.

Lakini kinachonishika zaidi ni namna walivyouchezea wakati. Mfalme Edward, aliyemtangulia Harold, alifariki tarehe 5 Januari 1066 bila kuacha mtoto. Nguo inaonyesha kwanza jeneza lake likipelekwa kanisani Westminster, halafu ndipo tunamwona kitandani akikata roho. Wapo wanaodhani washonaji walikosea. Mimi sikubali. Tazama picha inayofuata: Harold anapewa taji, na kweli alitawazwa kesho yake tu. Kifo na taji vimewekwa bega kwa bega ili uione haraka ya yule bwana. Mbele kidogo watu wanainyooshea vidole nyota yenye mkia, ile inayoitwa leo Halley. Nyota hiyo ilionekana Aprili, miezi mitatu baadaye, lakini mshonaji ameivuta mpaka mlangoni kwa Harold. Na chini ya kiti chake, kwenye pindo, zimeshonwa mashua za mistari mitupu, hazina rangi wala watu. Jeshi bado halijaja, ila khofu imeshafika.

Mapindo haya, la juu na la chini, msiyapite. Mwanzoni yamejaa ndege, simba na hadithi za wanyama; yumo hata kunguru anayelaghaiwa na mbweha mpaka aangushe jibini lake. Tarehe 14 Oktoba vita vinapopamba moto karibu na Hastings, pindo la chini linabadilika: maiti wanalala kila upande, na watu wanawavua deraya kwa kuzipitisha kichwani, wakiwaacha uchi. Juu mabwana wanapata utukufu, chini ndiko gharama inakolipwa.

Kabla ya vita wapishi wanaleta nyama kwenye vijiti, mishikaki kabisa, na ngao zimegeuzwa meza. Karibu na hapo nyumba inachomwa moto, na mbele yake mwanamke amemshika mtoto mkono. Maandishi yanasema tu kwamba nyumba inachomwa. Kosa lao halitajwi. Wanawake ni wachache mno katika nguo nzima, ndiyo maana huyu hunisimamisha kila mara.

Nakala ya Reading ilishonwa mwaka 1885 na 1886 na wanawake zaidi ya 30 wa mji wa Leek, wakiongozwa na Elizabeth Wardle. Ni kazi safi, ingawa mwanamume mmoja wa pindoni, ambaye Bayeux yuko uchi, hapa kavalishwa kaptula. Kila mwanamke alishona jina lake chini ya kipande chake. Ile ya Bayeux haina jina la mshonaji hata mmoja.

Ukipita Reading, kuingia makumbusho ni bure. Anza na pindo la chini.