Mboga Katika Baridi na Upepo

Hapa juu Mufindi ukungu, manyunyu na upepo tumevizoea, nami nilidhani adui wa mboga ni baridi tu. Mwaka jana nilikabidhiwa bustani ya bweni letu. Nilipanda viazi bondeni, tena kwa kubananisha. Mwezi wa Machi, kwa muda wa juma moja, majani yote yalikuwa meusi. Wenzangu wakala maharage matupu muhula mzima, nami nikaona haya.

Ugonjwa ule ndio ulioleta njaa kubwa Ireland tangu mwaka 1845. Hupenda majani yenye maji na mahali pasipopita hewa. Basi sasa napanda kwa nafasi, juu ya matuta, ili maji yatoke na udongo upate joto upesi. Upepo naukinga kwa ua wa matete, wala si kwa ukuta: ukuta huurusha juu, ukaanguka nyuma yake kwa vurugu, lakini matete huupunguza nguvu. Nyanya nimeziacha, maana ni jamaa ya viazi na ugonjwa wao ni mmoja. Kabichi na njegere hustahimili baridi. Muhula huu jikoni wamekwisha pokea kabichi zetu mara tatu.