Je, Wajua? Turkana, Nchi ya Kibali

Panda matatu ya Kitale pale Lodwar, na huenda jirani yako wa kiti akakuambia anakwenda "Kenya". Hatanii. Msemo huo ni mkongwe kuliko yeye.

Je, wajua kwamba hadi 1926 sehemu kubwa ya Turkana, magharibi mwa Ziwa Turkana, ilihesabiwa kuwa Uganda? Iliitwa Mkoa wa Rudolf. Mwaka huohuo ilipohamishiwa Kenya, reli ilifika Kitale kubeba mahindi ya masetla. Ikaishia hapo. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300, na Kerio, kule mto wa jina hilo unakomea ziwani, ni mbele zaidi. Reli haijasogea hadi leo. Watafiti Jedwab, Kerby na Moradi walionyesha mwaka 2017 kwamba miji ya Kenya iliyozaliwa kando ya reli iliendelea kuitangulia mingine hata reli yenyewe ilipochakaa. Basi hesabu mwenyewe wa kando ya mchanga wamepata nini.

Je, wajua kwamba mifugo ya Waturkana ilitekwa na serikali ya kikoloni? Kilele kilikuwa 1918, katika operesheni ya kijeshi iliyoitwa Labur, dhidi ya wapiganaji wa Ebei, kiongozi wa vita wa Waturkana. Ng'ombe, ngamia na mbuzi ndiyo benki ya mfugaji: ndiyo mahari, ndiyo akiba ya kiangazi. Waturkana walinyang'anywa bunduki pia, huku majirani wa ng'ambo ya mpaka wakibaki na zao.

Je, wajua kwamba mgeni alihitaji kibali kuingia Turkana? Sheria ya 1902 ilifunga wilaya za pembezoni, na ya 1934 ikampa mkuu wa mkoa mamlaka makubwa juu ya nani aende wapi. Mfanyabiashara alisubiri karatasi. Mbuzi hakusubiri, alikonda. Uhuru ulikuja 1963. Sheria hizo zilifutwa 1997.

Nchi iliyofungwa ni jela nzuri. Jomo Kenyatta alizuiliwa Lokitaung, hukohuko Turkana, kisha 1959 akahamishiwa Lodwar, akakaa hadi 1961. Jua la Lodwar alilifahamu vizuri. Hata hivyo, Waraka Na. 10 wa mwaka 1965, wa serikali yake mwenyewe, ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua, ardhi nzuri, barabara na umeme. Kwa maneno mengine, kule reli ilikokuwa imefika.

Umeme? Bwawa la Turkwel, megawati 106, lilikamilika 1991. Nyaya zikaelekea kusini, Lessos. Lodwar ikabaki miaka mingi ikinguruma kwa jenereta za dizeli.

Na wafadhili nao! Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kando ya ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili mfugaji awe mvuvi. Kilifanya kazi siku chache tu, kisha kikazimwa: kugandisha mbuta katika joto lile kulitaka umeme na maji safi, na Kalokol haikuwa navyo vya kutosha. Samaki wakarudi kuanikwa juani, kama zamani.

Kisha mafuta yakagunduliwa 2012 katika kisima cha Ngamia 1, Lokichar, kusini mwa Turkana. Agosti 2019 shehena ya kwanza iliondoka Mombasa, baada ya kusafirishwa huko kwa malori. Sheria ya mwaka huohuo inaipa jamii ya eneo asilimia 5 ya mgao wa serikali.

Sasa Kakuma. Kambi hiyo ya wakimbizi, hukohuko Turkana, ilianza 1992, na utafiti wa 2018 wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, ulikadiria uchumi wake kuwa takriban shilingi bilioni 6 kwa mwaka, maduka zaidi ya 2,000. Soko hilo liko kwenye udongo uleule uliosemekana haulipi. Ila mkimbizi mwenye duka Kakuma, akitaka kufuata bidhaa zake Nairobi, lazima kwanza aombe kibali cha kutoka.