Brosi Ikigandwa na Mpira, Usikimbilie Esanse



Lubumbashi ni mji wa mikono yenye ufundi. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa karakana ya wachoraji iliyoitwa Hangar. Mmoja wa wachoraji wake, Bela, alipaka rangi kwa vidole, bila brosi. Lakini anayepaka rangi kamyo ndogo ya bati au ya plastiki hawezi kufanya hivyo. Anahitaji brosi nyembamba, na brosi hiyo ni ya bei.

Fundi wa namna hiyo hutumia pia lateksi, yaani maji ya mpira. Anaipaka pasipotakiwa rangi, kama kwenye vioo vya kamyo. Rangi ikikauka, anabandua ule mpira na kioo kinabaki safi. Shida ni brosi: mpira ukikaukia ndani yake, inakuwa ngumu kama kijiti.

Kwa nini maji hayaitoi? Lateksi ni utomvu mweupe wa mti. Hutiwa amoniaki ili isigande ndani ya chupa. Ikipakwa, maji na amoniaki huruka hewani, na chembe za mpira hushikana. Zikiisha kushikana, maji hayawezi kuzitenganisha tena.

Fanya hivi:

1. Kabla ya kazi, lowesha brosi na kuipaka sabuni. Mpira hautashika nywele zake kwa nguvu.
2. Ioshe kila baada ya dakika chache, usingoje kazi iishe.
3. Ukikuta mpira umekwisha kukauka, loweka brosi katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha vuta mpira polepole kwa vidole kuelekea ncha. Usiichemshe, maana gundi inayoshika nywele italegea.
4. Brosi iliyoharibika itumie kwa lateksi peke yake, au tumia kijiti.

Watu wengine hukimbilia esanse au petroli. Ni kweli, mafuta hayo hulegeza mpira. Lakini mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini hadi kwenye mbabula, na moto hurudi kwa aliyeshika brosi. Ndani ya esanse mna benzeni, inayoharibu damu. Kama sabuni imeshindwa kabisa, tumia diluani kidogo ya rangi ya mafuta, nje ya nyumba, mbali na moto na sigara. Kisha osha brosi na mikono kwa sabuni. Wala usichanganye maji ya javeli na lateksi: javeli na amoniaki hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Mtaa wetu unaitwa Hewa Bora. Hewa ya ndani ya nyumba nayo iwe bora.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuacha petroli au diluani katika chupa ya limonadi. Mtoto mwenye kiu haulizi, anakunywa. Hilo likitokea, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Petroli ikipanda tena kooni, huingia katika mapafu na kuyaunguza. Tone dogo tu latosha kumletea mtoto homa na kukosa pumzi. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi yake kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali upesi, na uchukue ile chupa ili muganga aione. Hata akikohoa kidogo tu na kuonekana mzima, mpeleke: ugonjwa wa mapafu waweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Basi leo hii, baba na mama, tazameni chini ya meza na nyuma ya mlango. Kila dawa ya rangi ibaki katika kopo lake lenye jina, imefungwa vizuri, juu ambapo mkono wa mtoto haufiki. Kinga ni bora kuliko tiba.